Peintiboli Ikifika Shishiyu, Nani Ataamua Kwamba Umepigwa?

Kijana anayeisikia peintiboli kwa mara ya kwanza huuliza habari za bunduki. Ipi nzuri, inafika mbali kiasi gani, inapiga mfululizo au moja moja, inapatikana wapi. Ndivyo video za kwenye simu zinavyomfundisha: watu wanakimbia, wanajificha nyuma ya mapipa, rangi inapasuka vifuani. Refa haonekani, na akionekana ni mtu anayepita tu pembeni akiwa amevaa fulana yenye mistari. Kumbe huyo asiyetazamwa ndiye aliyeshikilia mchezo wote. Mpira wa miguu unaweza kuchezwa chandimu bila refa, watu wakazozana, wakapatana na kuendelea. Peintiboli haichezwi hivyo, na jamii yoyote inayotaka kuuanzisha mchezo huu, iwe Dar es Salaam au kata ya Shishiyu huku Simiyu, inapaswa kumpata mwamuzi kabla ya kuitafuta bunduki.

Asili ya kifaa chenyewe ingemchekesha mfugaji wa Kisukuma. Hakikutengenezwa kwa ajili ya mchezo. Kampuni ya rangi ya Nelson ya Marekani ilikuwa ikiwauzia watu wa misitu rangi ya kuwekea miti alama, ikataka njia ya kumwezesha mtu kuutia alama mti ulio ng'ambo ya korongo, au ng'ombe asiyekubali kusogelewa. Kampuni ya Daisy ikaunda bastola ya gesi iliyoitwa Nel-Spot 007. Vidonge vyake vilitengenezwa na R. P. Scherer, kampuni iliyojulikana kwa vidonge laini vya dawa, vile vya ganda la jelatini ambavyo hospitali hutupatia kila siku. Hapa kwetu mifugo imekuwa ikichomwa chapa, kwa hiyo haja ya kumtambua ng'ombe kwa mbali haihitaji maelezo.

Tarehe 27 Juni 1981, huko Henniker katika jimbo la New Hampshire, watu 12 waliingia msituni na bastola hizo. Walioandaa ni Charles Gaines, Hayes Noel na Bob Gurnsey. Kila mtu alijitegemea, na kazi ilikuwa kukusanya bendera kutoka vituo vinne bila kupigwa. Mshindi alikuwa Ritchie White, mtu wa misitu, na hakufyatua kidonge hata kimoja. Alijua kutembea porini, akapita wenzake wakiwa wanawindana. Mtoto wa Shishiyu aliyekua akichunga ana ujuzi huohuo miguuni mwake, na swali la bunduki ipi ni bora linapungua uzito ukishalijua jambo hili.

Swali linalofuata kwa wengi ni: inauma? Inauma, kiasi cha kuacha alama nyekundu au wekundu unaogeuka kuwa mvilio wa siku chache. Kidonge cha kawaida kina kipenyo cha inchi 0.68, yaani milimita 17 na kidogo, na uzito wa gramu 3 hivi. Mwendo wa juu unaoruhusiwa viwanjani ni futi 300 kwa sekunde, sawa na mita 91, na viwanja vingi hushusha hadi futi 280. Ukigeuza hizo mita 91 kuwa mwendo wa gari, unakaribia kilomita 330 kwa saa. Shati la mikono mirefu na la pili juu yake, suruali nzito na kitu cha kuziba shingo vinatosha kuufanya uchungu uwe wa kuvumilika. Kwa watoto kuna vidonge vidogo vya inchi 0.50 vinavyopiga kwa nguvu ndogo zaidi.

Lakini ngozi hupona. Jicho halina safu ya pili. Kidonge cha gramu 3 kinachokuja kwa mwendo ule kinaweza kulipofua moja kwa moja, na majeraha makubwa ya mchezo huu kote duniani yamewapata hasa watu waliokuwa hawajavaa kinyago au waliokivua kwa dakika moja tu. Walikivua kwa nini? Kwa sababu kimeingia ukungu, jasho linatiririka, rangi imefunika kioo, au mtu ameshatoka mchezoni na anadhani hatari imekwisha. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya peintiboli haihusu kupiga wala kushinda. Inasema kinyago hakivuliwi ndani ya uwanja kwa sababu yoyote ile, hata filimbi ikiwa imelia, hadi kila mtu afike eneo la kupumzikia na kila mtutu uwe umevishwa soksi yake ya kuzuia kidonge.

Kinyago chenyewe kiwe cha peintiboli. Miwani ya fundi wa kuchomelea, miwani ya pikipiki, kofia ya bodaboda yenye kioo: vyote hivyo havikupimwa kwa pigo la namna hii, na kioo chake kinaweza kuvunjika kikageuka kuwa jeraha la pili. Vinyago vya kweli hutengenezwa kwa viwango maalumu, kama kile cha Marekani kiitwacho ASTM F1776, na hufunika macho, uso wote na masikio. Kioo kikipata ufa hubadilishwa, hakipigwi gundi. Nimeona namna tunavyopenda kurekebisha vitu kwa ustadi na kuvitumia miaka mingi, na ni sifa njema. Katika jambo hili iwekwe kando.

Sasa, mwamuzi afanye nini mchezaji anapopiga kelele kwamba haoni? Hapa ndipo refa mgeni hukosea, kwa kumwambia asubiri kidogo au amfutie kioo palepale. Jibu ni kusimamisha mchezo mzima. Refa anapaza sauti, “Sitisha!”, waamuzi wengine wanarudia, wachezaji nao wanarudia ili neno lifike hadi kwa aliyejificha mwisho wa uwanja. Mitutu yote inaelekezwa chini. Refa anamshika mchezaji mkono, anamwongoza nje kinyago kikiwa usoni, na huko ndiko kinakofutwa. Kama neno la kusitisha litakuwa la Kiswahili au la Kisukuma si hoja, mradi liwe moja, limefanyiwa mazoezi, na hakuna anayelitumia kwa utani.

Kazi nyingine ya refa inafanyika kabla ya mchezo, nayo ni kupima mwendo wa vidonge. Kifaa cha kupimia ni kidogo, unafyatua juu yake au mbele yake nacho kinasoma futi kwa sekunde. Kila bunduki inapimwa, kila mmoja anaonyeshwa namba yake, na inayozidi inarekebishwa mbele ya refa. Katika nchi za baridi wengine hupima asubuhi wakamaliza. Simiyu haifai kufanya hivyo, na sababu ni ya kifizikia. Bunduki nyingi za bei nafuu hutumia kaboni dayoksaidi, ambayo ndani ya mtungi hukaa kama kimiminika. Joto likipanda, mgandamizo wake hupanda kwa kasi. Ikipita nyuzi 31 haiwezi kubaki kimiminika hata ukiibana vipi. Mtungi ulioachwa juani saa sita mchana, Septemba au Oktoba, hupita kiwango hicho kwa urahisi, na bunduki iliyosoma futi 270 asubuhi inaweza kuvuka 300 bila mtu kuigusa. Kwa hiyo mitungi ikae kivulini, na vipimo virudiwe mchana, na virudiwe tena kila mtungi unapobadilishwa. Hewa iliyogandamizwa hutulia zaidi, lakini inadai mtungi wa shinikizo kubwa unaopimwa kitaalamu kila baada ya miaka kadhaa, na mashine ya kujazia kama zile zinazotumiwa na vituo vya wazamiaji huko pwani. Kutoka Shishiyu ni safari ndefu.

Vidonge navyo vina tabia zake kwenye joto. Jelatini hulainika, kidonge kikavimba au kuwa na umbo la yai, kikapasukia ndani ya mtutu. Vikikauka sana vinakuwa vigumu na kuumiza zaidi. Vinapenda mahali pakavu na baridi ya wastani, na kamwe havigandishwi. Anayesema amevigandisha ili viume anapaswa kutolewa uwanjani siku hiyo na asirudi.

Tufike kwenye swali linalozaa ugomvi kuliko yote: nimepigwa au sijapigwa?

Wasichana waliocheza rede wanaijua kesi hii tangu wakiwa darasa la pili. Wawili wanarusha mpira wa matambara kutoka pande mbili, aliye katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira umepita karibu na sketi. Umegusa? Mrushaji anasema umegusa, mkwepaji anasema haujagusa, na mchezo unasimama hadi mmoja achoke kubishana. Peintiboli imejaribu kulimaliza shauri hilo kwa kuacha ushahidi. Kidonge kikipasuka mwilini kinaacha doa, na doa halina undugu na mtu.

Hata hivyo doa nalo linahitaji msomaji. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba kidonge kiwe kimepasuka juu ya mchezaji au juu ya kifaa chake, bunduki ikiwemo katika viwanja vingi, na kiache doa zima lenye ukubwa wa sarafu. Kilichodunda bila kupasuka hakihesabiki, hata kama kimeuma. Rangi iliyorushwa kutoka kwenye pipa au mti uliopigwa jirani haihesabiki pia. Kutofautisha pigo la kweli na mrusho huo ndiko kusoma kunakojifunzwa. Pigo la moja kwa moja lina kitovu: rangi nzito katikati, mara nyingi na vipande vya ganda vilivyonata, na michirizi inayotawanyika kutoka hapo. Mrusho wa pembeni ni madoa madogo madogo yaliyotapakaa, yasiyo na kitovu. Refa aliyeona madoa mia ya kila aina hatasita. Refa aliyeona matano atatazama sura za wachezaji kutafuta jibu, na hapo ndipo anapopotea.

Mtu hawezi kuona mgongo wake, kwa hiyo ana haki ya kuomba aangaliwe. Katika michezo ya kirafiki, mchezaji anayekaguliwa huwa hapigwi wala hapigi hadi refa atamke. Katika mashindano makubwa hana kinga hiyo, anakaguliwa mchezo ukiendelea, na refa hujipinda ili asimzibe wala kumfichua. Kwa wanaoanza, ningechukua kanuni ya kirafiki bila kusita, kwa sharti kwamba anayeomba kukaguliwa ili tu apate kupumua anahesabika ametoka.

Na anayejipangusa rangi? Huyu ndiye mwizi wa peintiboli, na mchezo umemkabili kwa ukali: katika mashindano akibainika, hatoki peke yake, anatoka na mwenzake mmoja au zaidi wa timu. Naikubali adhabu hiyo. Inaonekana ni uonevu kumwadhibu asiyefanya kosa, lakini uwanjani refa hawezi kuwa kila mahali, na macho yaliyo karibu kuliko yote na mwizi ni ya wenzake. Wakijua kwamba kosa lake litawatoa, watamwambia wenyewe anyanyue mkono. Anayetoka huinua bunduki au mkono juu, huvisha mtutu soksi, hapiti katikati ya mapambano na hasemi alichokiona. Aliyetoka kisha akawaelekeza wenzake adui alipo amewaharibia mchezo sawasawa na aliyejipangusa.

Kupigana kwa karibu mno kumewasumbua waamuzi wa kila nchi, na viwanja havijakubaliana. Kuna vinavyotaka ukimnasa mtu aliye ndani ya mita tatu umwambie ajisalimishe, vingine vinaweka mita sita, vingine vinamwacha aliyenaswa achague. Uamuzi wangu kwa wanaoanza ni huu: ndani ya mita tano hakuna kufyatua kabisa. Ukimnasa mtu kwa nyuma, umwambie, naye ametoka. Mkikutana uso kwa uso kwa mshtuko, mmetoka wote wawili. Itawaudhi wenye kasi, lakini itampunguzia refa shauri lisilo na shahidi. Na kufyatua ukiwa umeinua bunduki juu ya kizuizi bila kuona unakoelekeza kupigwe marufuku kuanzia siku ya kwanza, maana anayepiga bila kuona hawezi kujua kama aliye mbele ni mchezaji, refa au mtoto aliyefuata mbuzi.

Mbuzi na watoto si mfano wa kupamba. Ardhi ya Usukuma iko wazi, njia za mifugo ni za watu wote, na jambo jipya likitokea kijijini umati unafika kabla ya kualikwa. Kidonge kinaweza kuruka mita 80 na kuzidi. Kamba ya kuzuia watu haikizuii. Inahitajika nyavu ndefu au umbali mkubwa, na waamuzi wa nje wasio na kazi nyingine ila kutazama mipaka. Anayeingia bila kinyago, awe mwenyekiti wa kijiji au mpiga picha, anasimamisha mchezo. Vidonge vilivyoanguka vizima viokotwe baada ya mchezo. Ndani yake mna poliethilini glaikoli na rangi za chakula, vitu ambavyo havimdhuru mtu aliyepakwa ngozini, lakini mbwa waliovila vingi wamewahi kuugua vibaya, na mbuzi wa kwetu hawachagui. Muislamu naye ana haki ya kuuliza jelatini imetoka kwa ng'ombe au nguruwe, na anayeuza vidonge anapaswa kumjibu kwa kusoma maelezo ya kiwanda.

Uwanja wenyewe uchaguliwe kwa macho ya hapa. Udongo mweusi wa mbuga hupasuka wakati wa kiangazi, na nyufa zake zinamsubiri mtu anayekimbia akiona nusu ya dunia kupitia kioo. Mvua ikinyesha, udongo huohuo unamnasa. Ardhi ya kichanga ni bora. Uzio wa minyaa, unaozunguka kaya nyingi za Wasukuma, unavutia kama mahali pa kujificha, nami nauonya kwa nguvu zote. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vikali, na kidonge kinapovunja matawi kinaurusha utomvu huo hewani. Tumieni viroba vya mchanga na mapipa. Kuna watakaofikiria ngitili, kwa kuwa ina miti na vichaka. Ngitili ni akiba ya malisho, na sehemu kubwa ya zile zilizorudi kuota zilifufuliwa kwa jasho kuanzia mwaka 1986 chini ya mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, wakati Maswa, Bariadi na Meatu zikiwa bado za mkoa wa Shinyanga. Isikanyagwe kwa ajili ya burudani bila ridhaa ya wenyewe.

Halafu kuna dola. Bunduki ya peintiboli kwa mbali ni bunduki. Simiyu inapakana na Serengeti, ina Pori la Akiba la Maswa, na askari wa wanyamapori anayemwona kijana na mtutu kichakani hana wajibu wa kukisia kwamba ni rangi. Sungusungu, waliozaliwa huku Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa mifugo, nao hawangojei maelezo marefu. Nchi ina Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kabla ya kuagiza kifaa chochote, andika barua polisi wilayani, upate jibu kwa maandishi, uzungumze na ofisi ya utamaduni na michezo ya halmashauri, na kama ni klabu, fuata taratibu za usajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Vifaa visafirishwe ndani ya mifuko iliyofungwa. Siku ya mchezo serikali ya kijiji na sungusungu wawe wamejulishwa.

Gharama zinawatisha watu mahali pasipostahili. Bunduki inanunuliwa mara moja; vidonge vinaisha. Katoni ya kawaida ina vidonge 2,000, na vijana kumi wanaopiga 200 kila mmoja wanaimaliza mchana mmoja. Ndiyo maana mchezo huu katika Afrika Mashariki umeshika zaidi kwenye maeneo ya utalii na safari za wafanyakazi, kama katika msitu wa Kereita kule Kiambu, Kenya, ambako watu wanakodi kila kitu na kuongozwa na wasimamizi. Shishiyu inaweza kucheza kwa vidonge 50 kwa mtu, na mchezo ukawa mzuri zaidi, kwa sababu mwenye vidonge vichache anatembea kama Ritchie White badala ya kumwaga rangi hovyo. Refa naye anaona madoa machache yanayosomeka.

Waamuzi hawahitaji kungoja vifaa. Wanaweza kuanza wiki hii kwa rede: mpira wa matambara ukivingirishwa kwenye vumbi la chaki, urushwe chini ya kifua, kisha wajifunze kusoma alama, kutamka uamuzi kwa sauti moja, kusimama mahali pa kuona bila kumziba mchezaji, na kumtoa rafiki yao bila kigugumizi. Mwalimu wa michezo aliyesimamia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ana nusu ya elimu hiyo tayari. Hesabu ninayoipendekeza ni mwamuzi mmoja kwa wachezaji kumi, wasipungue wawili ndani na wawili mipakani, wote wakiwa na vinyago. Refa akipigwa na kidonge anaendelea na kazi, na mchezaji hana ruhusa ya kujificha nyuma yake.

Kwa hiyo maafisa michezo wa Maswa na Bariadi, na yeyote mwenye fedha anayetaka kuwaletea vijana mchezo huu: nunueni vinyago na kipima mwendo kabla ya bunduki, na msifungue katoni ya kwanza mpaka muwe na waamuzi wanne waliofundishwa. Wakikosekana, mchezo uahirishwe.